Ufunguo Ushikwe na Mama Watoto

Jirani yangu mmoja, akitaka kumwaga oili chafu ya injini, hupandisha gari lake kwenye vipandio vya chuma polepole, utadhani limebeba mayai. Huvuta breki ya mkono, hukaza mawe nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, kisha hulisukuma kwa kiuno mpaka aridhike. Hata hapo haingii uvunguni mpaka ufunguo uwe mkononi mwa mkewe. Sasa leo walikuwa wamenuniana, maana mume alifuta grisi kwa taulo jipya la mkewe. Alimpa ufunguo hivyo hivyo, akalala chali, kichwa kikiwa bado nje, akasita.

“Mama watoto, umeshanisamehe lakini?”

Mkewe akauzungusha ufunguo kidoleni. “Wewe ingia kwanza, baba. Tutaongea.”

Jirani akainuka, akajipangusa vumbi, akatangaza kwamba oili ile, kwa kweli, bado safi kabisa.