Vidole Tano vya Sebahire

Bwana yangu alinivunja taya asubuhi. Saa sita akakaa kando ya kitanda changu kuniuguza.

Musicheke. Goma ya miaka ile ya Zaïre, kila mugonjwa analala na garde-malade wake, mutu wa familia, na huyo ndiye anamusemea.

Tena hospitali yetu ilileta mutindo mupya. Kila asubuhi infirmière Namegabe, muuguzi wetu, anapita, anatuita vile serikali iliagiza: "Citoyenne, moyo uko namna gani? Onyesha vidole. Kimoja ni mubaya, tano ni muzuri kabisa." Anauliza mugonjwa, anauliza familia. Wote mukitoa tano, munarudi nyumbani.

Asubuhi ya kwanza mudomo wangu ulikuwa umefungwa bandeji. Bwana yangu Sebahire akashika mukono wangu chini ya blanketi, akaukamua mupaka machozi yakatoka, kisha akainua wake.

Tano. Vidole vile vile vyenye vilinivunja taya.

"Analia juu ya furaha," akasema. Mushenzi yule!

Namegabe akasema kesho atauliza tena mbele ya kuturudisha; alipoenda, Sebahire akaniinamia. "Kule Masisi nitakumaliza."

Nilimuamini. Kwetu kule kilimani hakuna jirani wa kusikia.

Kesho yake mama ya Sebahire, Nyiramahirwe, akafika na kinu na muti wa kututwangia sombe, majani ya muhogo. Yesu wangu! Nilimuogopa mama mukwe yule kushinda hata mwanawe. Nikajisemea, leo nimekwisha.

"Na wewe, mama?" Namegabe akamuuliza.

Akagusa bandeji yangu. Akainua kidole kimoja.

"Huyu mutoto wangu atamuua. Baba yake alinipiga hivi hivi, na mimi nilisema niko muzuri."

Sebahire akanirukia, akanikaba koo. Namegabe akamuvuta, akala ngumi, akaanguka na damu puani. Mimi macho yalishaanza kuona giza.

Paa!

Mama mukwe alikuwa ameshika ule muti wake wa kutwangia sombe. Paa tena! Mikono yote mbili ya mwanawe ikavunjika, mufupa ukaonekana.

Salle ya wanaume, chumba chao cha kulala wagonjwa, ilikuwa imejaa. Wakamulaza ngambo yangu, mikono imefungwa ndani ya plâtre ngumu. Garde-malade wake? Mama yake, basi.

Asubuhi Namegabe akapita, pua imevimba. "Citoyen, moyo uko namna gani?"

Sebahire akafungua kinywa.

"Nyamaza," mama akamwambia, akainua mukono.

Tano.

Namegabe akanigeukia. Mara hii niliinua mukono wangu mwenyewe. Tatu, kwa sababu taya ilikuwa bado inauma.

Nilipotoka, nilienda kukaa Keshero, hapo hapo Goma, na mama mukwe. Sebahire hakukanyaga pale.

Kwa hiyo wewe mwenye kuuliza hali ya mugonjwa, angalia kwanza ni mukono wa nani unakujibu.