Mchoraji na Ukingo wa Jabali

Kabla mchezo ule wa kompyuta haujapata wadogo zake kumi na mmoja, yaani matoleo yaliyoufuata, ulikuwa chumba kimoja chenye joto na mchoraji mmoja mwoga. Hakuwa akienda kula kabla hajamrudisha shujaa wa mchezo, msichana aliyemchora mwenyewe, nyuma ya ukingo wa jabali, hatua tatu kamili, kisha akaifuta skrini kwa mkono wa shati kana kwamba anamfuta msichana huyo jasho. Wenzake walimcheka. Hawakujua kwamba mwendo wa shujaa yule, bega moja likitangulia, alikuwa ameuiba kwa binti yake.

Siku moja mkuu wa kazi akaja kusimama nyuma ya kiti chake. "Fundi, mchezo gani huu mtu hafi? Mwangushe tuone."

Akaweka kidole juu ya kitufe, akakiondoa, akachukua simu.

"Mwanangu, uko wapi?"

"Nyumbani, baba. Niko juu ya ngazi, natundika pazia."

"Shuka."

"Kwani kuna nini?"

"Shuka kwanza, ukae chini sakafuni."

Akasubiri, simu kaibana sikioni.

"Haya, nimekaa."

Ndipo akabonyeza kitufe, shujaa akaanguka, huku akimsikiliza binti yake anavyopumua.