Ufunguo wa Besi

Dada yangu Tukuswiga alijua kusoma nota za mistari tangu usichana. Baba yetu alikuwa akipiga tarumbeta kanisani huko Ileje, akamfundisha. Akaja kuolewa Tunduma na Eliakim, mwalimu wa kwaya, mtu wa do-re-mi aliyehudhuria semina moja ya nota za mistari akarudi kichwa kimevimba. Simpendi, na sifichi.

Mwaka juzi kwaya moja ya Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ilituma wimbo tuimbe pamoja kwenye uzinduzi wa kanisa lao. Ulikuwa wa nota za mistari. Eliakim akawa anausoma, dada anaunakili kwa do-re-mi ili wanakwaya tuuelewe. Walipofika sehemu ya besi, dada akasita.

"Baba Jastin, hapa mwanzo wa mistari pana alama nyingine. Ni ufunguo wa besi. Mstari wa chini kule kwa soprano ni mi, huku ni so."

"Hilo ni pambo tu. Mistari ni ileile mitano. Andika mi."

"Lakini baba..."

"Mwalimu wa kwaya humu ndani ni nani?"

Akaandika mi.

Mazoezini besi iligongana na sauti nyingine mpaka masikio yakauma. Eliakim akasema Wazambia ndivyo wanavyoimba! Siku yenyewe, besi yao ikaenda huku, yetu kule. Mwalimu wao akakatisha wimbo, akawaomba wanaume wetu kwa upole wakae chini. Kanisa zima likacheka. Nilitamani ardhi inimeze.

Tuliporudi, kamati ya kwaya ikatuita wote. Eliakim akaweka karatasi mezani.

"Tazameni mwandiko. Mke wangu alikosea kunakili."

Mwenyekiti akamgeukia dada. "Mama Jastin, mwandiko huu ni wako?"

"Ni wangu."

Wakamsimamisha kwaya kwa uzembe.

Nilimfuata nje nikifoka. "Dada, kwa nini hukusema ukweli?"

"Nikimvua nguo mbele za watu, Gwantwa, jioni narudi nyumba ipi?"

Hasira ile ninayo mpaka leo. Eliakim bado anasimama mbele yetu kila Jumapili, anapunga mikono. Dada anakaa viti vya nyuma, na kanisa zima likiimba, yeye hafungui kinywa. Hata nyumbani haimbi tena. Eliakim anawaambia watu mkewe ameingiwa na kiburi.