Goti la Kulia, Goti Sahihi

Kwa miaka kumi na tisa Mama Mapacha alikuwa mhudumu wa wodi ya mifupa, na hakuna aliyegundua kwamba hajui kusoma Kiingereza. Alikuwa na njia yake. Boksi la buluu, vifungo vya goti, vile vya kushikilia kiungo kilichoumia. La kijani, vya mkono. La njano, bandeji pana. Akitumwa stoo anakwenda moja kwa moja kwenye rangi, anarudi na kitu chenyewe, na maisha yanaendelea.

Kisha akaja mtunza stoo mpya, bwana mmoja nadhifu kupita kiasi. Mwisho wa wiki ya kwanza alikuwa amehamishia kila kitu kwenye maboksi meupe, yote saizi moja, yenye maandishi meusi ya Kiingereza. Jumatatu asubuhi Mama Mapacha alipofungua ule mlango, hakuona buluu wala kijani. Siku nzima alifunua boksi baada ya boksi akichungulia, huku metroni akimwita kutoka wodini, "Mama Mapacha, umelala huko?"

Mapacha wenyewe walikwishaolewa mbali, mume alikwishafariki, na nyumbani alibaki na wifi yake, dada wa marehemu, aliyepiga chapa ofisini mpaka akastaafu. Jioni ile alimkuta akikata vitunguu.

"Wifi, nina aibu kukwambia."

"Kama ni ile sufuria uliyounguza, nimeshaiona."

"Si sufuria. Sijui kusoma Kiingereza."

Wifi akaweka kisu chini. "Na zile barua za kazini nilizokuwa nakusomea kwa sababu umesahau miwani?"

"Sijawahi kuwa na miwani."

Wakaanza kesho yake, kila alasiri baada ya zamu. Wifi hakujua kufundisha. Alichokuwa nacho ni vidole. "Vidole vyangu havikumbuki maneno," alisema, "vinakumbuka herufi zinazofuatana. Tuanze na K na N." Akagonga meza kana kwamba ni mashine yake ya zamani. Knee, goti. Knot, fundo. Knife, kisu. Knock, kubisha hodi. Know, kujua.

"Hiyo K mbona huitamki?"

"Haitamkwi. Ipo tu."

"Kumbe hata herufi zipo zinazokuja kazini kukaa."

Wiki ya pili ilikuwa W na R. Wrist, kifundo cha mkono. Wrap, kuzungushia bandeji. Write, kuandika. Wrong, kosa. W nayo kimya, imekunja mikono. Mama Mapacha aliandika kila neno mara kumi, mgongo ukimuuma kwa kunyanyua wagonjwa tangu alfajiri. Wiki ya tatu zikaja nne kwa mpigo: I, G, H, T. Light, mwanga, na pia kitu chepesi. Tight, kilichobana. Right, sahihi, na pia… Wifi alipogeuka, mwanafunzi wake alikuwa amesinzia, shavu juu ya daftari. Akamwacha alale.

Alhamisi aliletwa dereva wa lori aliyeumia goti. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akamwambia, "Mama, niletee kifungo cha goti, huyu bwana anaanza kusimama leo."

Stoo palikuwa na maboksi mawili yenye neno knee. Moja LEFT KNEE. Hilo neno la mbele hakulijua. La pili RIGHT KNEE. Akasoma kwa sauti, kidole kikifuata herufi: right, sahihi; knee, goti. Goti sahihi! Moyo ulimruka. Ilikuwa mara ya kwanza katika wiki nyingi kujisikia hajachoka. Akalichukua akatoka nalo kifua mbele.

Dereva alipoona kifungo kinaelekezwa goti lipi, alicheka kwa uchungu. "Mama, umenitakia mema. Goti hilo ni langu, ila ni lile zima."

"Hiki ni cha kulia," mtaalamu akasema. "Lililoumia ni la kushoto. Si imeandikwa kwenye boksi?"

"Imeandikwa goti sahihi," akajibu Mama Mapacha. "Nimesoma mwenyewe."

Metroni akamshika mkono, akampeleka stoo, akafunga mlango.

"Sasa niambie ukweli."

Akausema wote: rangi, miwani, wifi, herufi zisizotamkwa. Alitarajia kufukuzwa, na kwa jinsi alivyochoka aliona heri liwe liishe. Metroni akaketi juu ya boksi.

"Wiki hii wauguzi wangu wawili wameniletea vifungo visivyo vyenyewe," alisema hatimaye. "Na wao wana vyeti. Wewe miaka kumi na tisa hukukosea hata mara moja mpaka leo." Kisha sauti ikawa kali. "Lakini ukiwa hujui, uliza. Hii ni miguu ya watu."

Ijumaa mtunza stoo alinung'unika sana, ila utepe wa rangi ulibandikwa kwenye kila boksi. Aliyebandika, akipiga magoti kwenye sakafu ya saruji, alikuwa Mama Mapacha.

Nyumbani wifi alicheka mpaka akafuta macho. "Ulilala sijamaliza. Right ni sahihi, ni kulia, na ni haki vilevile."

"Neno moja?"

"Moja."

"Basi Waingereza nao walikuwa wamechoka. Na left?"

"Kushoto." Wifi akasita, vidole vikiwa hewani. "Pia ni kuondoka, mtu alipokwisha kwenda. Na ni kilichobaki."

Mama Mapacha aliandika yote matatu, polepole, kila moja kwenye mstari wake. Kisha wifi akamtilia chai, akamsogezea kigoda aweke miguu.

Siku hizi anasoma maboksi yote, hata ya dawa. Zamu ikimlemea, anatazama utepe tu.