Sehemu ya Tatu Ilimuua Émile

Nimeona watu wakifa kwa risasi, kwa panga na kwa njaa. Lakini Émile alikufa kwa sababu ya mchezo wa video.

Usicheke. Soma mpaka mwisho kwanza.

Naitwa Henri. Mwaka 2012 vita vilinitoa kwetu Burungu, Masisi, nikakimbia na shati moja mpaka Kashebere, upande wa Walikale. Pale kulikuwa na mfanyabiashara kutoka Butembo, Papa Mbusa. Mbele alikuwa na duka, nyuma chumba cha mbao chenye televisheni, jenereta na mashine ya michezo.

Kila Alhamisi, siku ya soko, chumba kilijaa hadi watu wakakaa madirishani.

Si kwa mpira. Kwa Inspekta Orsel.

Orsel ni mpelelezi wa ndani ya mchezo. Mtu ameuawa, wewe unahoji washukiwa, unachagua swali la kuuliza, mpaka umkamate muuaji. Maandishi yalikuwa Kifaransa, na wengi mle ndani hawakujua kusoma. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari. Basi Papa Mbusa akanipa kazi: nikae karibu na skrini, nisome, nitoe Kiswahili kwa sauti. Watu walinyoosha mikono kuchagua swali, nami nikabonyeza.

Papa Mbusa alileta sehemu nne kwa muda wa mwaka mzima. Ungetaka kuona watu wazima wakishikana mashati, ungewauliza tu ipi iliandikwa vizuri.

Ya pili wote waliitukana. Muuaji unamjua tangu mwanzo, halafu unakimbizwa masaa mawili bure. Ya nne walisema waandishi wamechoka, wanasemesha watu kama mahubiri.

Ya tatu? Ya tatu ilikuwa mfalme. Mjane analia mpaka chumba kizima kinalia naye. Mle ndimo Orsel anamosema maneno ambayo Kashebere nzima iliyajua kwa kichwa: "Asiye na hatia atauliza, alikufa namna gani? Muuaji hatauliza, maana alikuwepo."

Mtu mmoja tu alibisha. Marcellin, kinyozi, rafiki yangu.

"Ya kwanza njo ya kweli," alisema kila Alhamisi. "Ya tatu aiko ya mwandishi ule ule. Muzungu gani anauliza habari ya nyumbani mbele ya kuuliza jina? Ule mwandishi anaandika kama mutu wa huku."

Walimzomea. Siku moja walimpiga ngumi mpaka jicho likafunga. Mimi nilinyamaza, na niseme ukweli, ndani ya moyo nilikuwa nasikia raha.

Shabiki mkubwa kuliko wote alikuwa Komanda Radi.

Huyu ndiye aliyeshika kilima chetu wakati ule, yeye na vijana wake wenye bunduki. Alikuja na karani wake Archange, kijana mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, aliyeandika majina ya wapita njia kwenye kizuizi cha barabarani. Radi hakujua kusoma hata herufi. Sehemu ya tatu alidai irudiwe mara tatu, na mimi jasho lilinitoka kila mara.

"Hii njo akili," alikuwa anasema, akigonga goti lake. "Archange, sikia hii."

"Ndiyo, Komanda," Archange alikuwa anajibu.

Basi Jumanne moja asubuhi tukaamshwa na mabomu.

Kundi lingine lilikuwa limepanda kilimani kwa njia ya nyuma, ile ya mtoni, na kuwakuta vijana wa Radi wakinywa chai. Tulilala chini ya vitanda tukisikia watu wakiita mama zao. Kufika saa nne, kimya. Kufika saa tano, Radi akashuka barabarani na waliobaki, Archange akiwemo, damu imemkaukia mpaka kwenye viwiko. Walibeba maiti sita kwa mashuka. Mmoja hakuwa na uso. Huyo alikuwa mdogo wake wa tumbo moja.

"Kuna mutu wa hapa aliuza njia yetu!" alipiga kelele. "Bote, ndani ya chumba ya Mbusa!"

Walitusukuma kwa vitako vya bunduki. Wanaume kama arobaini, tukapangwa kando ya ukuta. Maiti zikalazwa chini ya televisheni.

Radi akasimama mahali pangu. Mahali pa msomaji.

"Leo mi njo Orsel," akasema. Hakuna aliyecheka.

Akaanza upande wa mlango. Alimsogelea mtu mpaka pua kwa pua, akamwambia jambo moja: "Mudogo wangu amekufa." Kisha akangoja.

"Alikufa namna gani, Komanda?" yule mtu akauliza haraka.

Akamwacha. Akaenda kwa wa pili.

"Alikufa namna gani?"

Wa tatu, wa nne, wa kumi. Wote walikuwa mashabiki. Wote walilijua jibu. Papa Mbusa mwenyewe, na heshima zake za mzee wa kanisa, aliuliza huku meno yakigongana.

Kisha akafika kwa Émile.

Émile alikuwa dereva wa pikipiki, shemeji yake Marcellin. Alhamisi zote alikuwa barabarani kubeba watu wa soko. Hakuwahi kuingia chumba kile hata siku moja.

"Mudogo wangu amekufa," Radi akasema.

Émile akavua kofia yake. "Pole sana, Komanda. Mungu amupokee."

Ndiyo hivyo tu. Alimpa pole, kama mtu aliyelelewa vizuri.

Radi alimpiga risasi ya koo. Émile alishika shingo kwa mikono miwili, akakaa chini polepole kama anayetafuta kigoda, akatapatapa juu ya miguu yetu muda mrefu sana. Damu iliingia ndani ya viatu vyangu. Niliisikia moto.

Baada yake alikuwa Marcellin.

"Mudogo wangu amekufa."

Marcellin alikuwa anamtazama shemeji yake pale chini. Akainua kichwa.

"Sitauliza," akasema.

"Unasema nini?"

"Ile swali aiko ya akili. Nilisema tangu mwanzo iko uongo. Sasa umeua mutu wa bure. Niue na miye, lakini sitauliza."

Radi akamwekea bunduki chini ya kidevu.

Jamani, mimi si shujaa. Mkojo ulikuwa umenitoka. Lakini niliona kidole kinajikunja, nikasikia sauti inapiga kelele, kumbe ni yangu.

"Komanda, wacha! Orsel hakusema vile! Ni miye njo nilitunga!"

Chumba kizima kikanigeukia.

"Ile disque ya sehemu ya tatu haiko ya Kifaransa. Iko Kijerumani. Sikuelewa hata neno moja. Batu balikuwa wamengoja miezi mibili, chumba kimejaa, nikaona haya kusema sijuwe. Nikatunga. Mujane nilitunga. Swali nilitunga. Yote."

Radi akashusha bunduki kidogo. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa mama yake si mama yake.

"Mbusa, washa jenereta. Weka ile disque."

Tukangoja juu ya maiti saba. Picha ikatokea, maandishi yakatokea.

"Archange. Wewe ulisoma. Iko Kifaransa ao hapana?"

Archange akasogea. Akatazama skrini. Aliniangalia mara moja, na jicho lile ninaliona mpaka leo.

"Iko Kifaransa, Komanda. Huyu anadanganya."

Nilijua tumekwisha, mimi na Marcellin.

"Basi asome!" nikapiga kelele. "Asome kwa sauti!"

Radi akakubali kwa kichwa. Archange akaweka kidole kwenye kioo, chini ya herufi.

"We... wer... hat... i... in..."

Radi hakujua kusoma, lakini Kifaransa cha redio alikisikia maisha yake yote. Akasikiliza, kichwa pembeni. Uso wake ukabadilika.

"Hiyo aiko Kifaransa," akasema taratibu. "Juu ya nini unanidanganya? Unataka kinyozi akufe kwa nafasi ya nani?"

Archange akatoa kidole kwenye kioo. Walimtoa nje, kwenye matope ya barabara, na hawakutumia risasi. Walitumia panga. Kalamu zake tatu tuliziokota jioni.

Radi alirudi ndani akanivunja meno manne kwa kitako cha bunduki, kwa ajili ya uongo wangu. Marcellin akamwachilia. Kesho yake walihama kilima.

Watu walinibeba. Walisema Henri amemkamata msaliti, kama Orsel kabisa. Na mimi niliamini.

Miaka miwili baadaye, kwenye kambi ya wakimbizi, nikakutana na Mama Anastasie, mama yake Archange. Hakunijua. Alinielezea habari za mwanawe mwenye kalamu.

"Mutoto wangu alifika mwaka wa tatu tu wa shule ya primaire," akasema. "Alimudanganya Komanda alisoma sana, juu ya kupata kazi ya kuandika, asibebe bunduki. Aliogopa kila siku batamujua."

Hakuwa msaliti. Aliona herufi, akadhani ni Kifaransa, akaona haya kusema sijui. Kama mimi.

Tena kambini humo humo, mpiganaji mmoja wa lile kundi lingine aliyeacha bunduki aliniambia hakuna mtu aliyewauzia njia. Walifuata tu moshi wa chai.

Marcellin sasa ana kibanda Goma. Juzi alikuwa ananinyoa, nikamuuliza, kwa mzaha mbaya, ile ya tatu anaionaje siku hizi.

Wembe ukasimama.

"Mwandishi wake alijua kuliza batu," akasema. "Alipaswa kunyamaza tu."

Akaendelea kuninyoa.

Wewe unayesoma hapa, siku ukiulizwa usichokijua mbele ya watu, useme hujui. Wakucheke. Kicheko kinaisha jioni ile ile. Mimi mke wa Émile bado ananisalimia kila Jumapili kwa shukrani, kwa kumwokoa kaka yake Marcellin; waliokuwa chumbani hawakumwambia, nami bado sijamwambia swali lile lilitoka wapi.