Nilichechemea kwenye televisheni, fundi viatu akakamatwa

Wakuu, habari za jioni. Mnaopenda tamthilia za "kisa cha kweli", kaeni hapa kidogo. Haya yalinipata mwenyewe, sitaongeza chumvi.

Enzi za Zaïre, Bukavu, nilikuwa kwenye kikundi cha tiatre, yaani maigizo. Tulikuwa tunarekodi michezo ya televisheni.

Mfanyabiashara mmoja wa kahawa aliuawa mchana nyumbani kwake Nguba. Muuaji hakujulikana. Kiongozi wetu, maman Furaha, akasema tukicheze kisa hicho wakati watu bado wanakizungumza.

Nikapewa nafasi ya muuaji. Naambiwa nina sura hiyo.

Wiki ya kurekodi nikaumia goti kwenye mpira. Nikachechemea mchezo mzima. Maman Furaha akasema tuache hivyo hivyo, inaogopesha.

Ukaonyeshwa. Televisheni zilikuwa chache, mtaa mzima unajazana sebule moja, wengine wako dirishani. Nikajiona staa.

Kisha askari wakamkamata papa Mugisho, fundi viatu wa Cimpunda. Mguu wake mmoja ni mfupi tangu utoto. Mashahidi walikuwa wameanza kusema muuaji anachechemea.

Wakuu, kuchechemea kule kulikuwa kwangu. Kwa kesi ya kuua mtu angeweza kunyongwa.

Maman Furaha akaniambia, "Usiende kule mahakamani. Watakufunga wewe."

Nikaenda.

Nilikuta jirani wa marehemu, mama mmoja mtu wa kanisa, anatoa ushahidi. "Nilimuona na macho yangu. Alikuwa anatembea hivi." Akaonyesha. Ulikuwa mwendo wangu kabisa, mpaka kushika goti.

Nikasimama. Enzi zile kila mtu aliitwa citoyen, yaani raia, hata jaji. "Citoyen juge, ile mwendo iko yangu."

Mama akageuka. "Ni yeye! Ndiye aliua!"

Askari wawili wakanidaka. Goti lilikuwa limeshapona, sikuwa nachechemea hata kidogo, lakini hakuna aliyetazama miguu yangu.

Jaji akauliza taratibu, "Citoyenne, huyu ulimuona wapi?"

"Ku televizyo, juge. Kwa jirani. Tulikuwa wengi."

Mtu akacheka, nadhani karani.

Jaji akawauliza mashahidi wengine. Wote walikuwa sebule ile ile. Mimi nikaachiwa, na papa Mugisho akaachiwa siku hiyo hiyo.

Nje mke wake alikuwa analia. Nikajitambulisha. Mzee hakuwa na televisheni, mchezo wenyewe hajauona.

"Mu ile tiatre," akauliza, "mwenye aliua walimukamata?"

"Walimukamata, papa."

"Na ule wa kweli?"

"Bado."

Akanitazama kidogo, akamshika mke wake mkono, wakapandisha kilima kwenda kwao.

Nilichojifunza: yule mama hakudanganya. Aliapa kwa moyo safi juu ya kitu alichoonyeshwa. Mwongo ungeweza kumbana akajikanyaga, mtu wa namna hiyo utambana na nini?

Haya, na nyie. Nani humu amewahi kukumbuka jambo kwa uhakika wote, kumbe aliliona kwenye skrini? Watu wa Bukavu, nawasubiri hasa.