Mtu Aliyetajwa na Silvana

Mwaka tulipohamishiwa kijiji kipya cha ujamaa huko Mollo, nyumba yangu ilitazamana na ya Silvana, mke wa Modesti. Mimi sipendi kuingilia mambo ya watu, lakini hili niliingizwa.

Silvana alikuwa na mimba ya miezi mitano. Ya kwanza ilikuwa imeharibika. Tukiwa tunainua matuta shamba la kijiji, akaona damu. Madoa tu, wala tumbo haliumi. Kesho yake hakuna kitu, keshokutwa damu tena. Nilisema ni jembe, apumzike. Mkwewe, Mama Kristiana, akasema hapana, mjamzito akitoka damu ametembea nje, na asipomtaja huyo mwanamume mimba inatoka.

"Mama, sina mtu," Silvana akalia.

"Taja, mwanangu. Au wataka tuzike tena?"

Siku ya tatu akataja. Alimtaja Ignasi, fundi baiskeli aliyekwisha kuhamia Kirando, maana yuko mbali, hatadhurika. Aliniambia hivyo mwenyewe, nami kwa ujinga wangu nikamwona ana akili! Damu ikakata siku nne, mkwe akatamba. Ya tano ikarudi.

Hapo nilikasirika. Nikampeleka hospitali mjini, Modesti akitufuata nyuma. Nesi Agnesi akampima, akatuita sote. Kwenye mlango wa kizazi kuna kijinyama, kidogo kama punje ya maharage. Kikiguswa kinatoa damu. Si kibaya kwa anavyokiona, wala hakiletwi na uzinzi. Kiachwe mpaka ajifungue, ndipo kitolewe. Damu ikizidi au tumbo likiuma, arudi siku hiyohiyo. Mtoto ni mzima.

Nilitaka kupiga vigelegele. Tulipotoka, Modesti akakaa kwenye benchi la nje, kofia mikononi, hata hajui acheke au afanye nini.

"Kama ni kijinyama, Ignasi ulimtajia nini?"

"Nilimsingizia. Nilitaka mtoto abaki."

"Hukupigwa, Silvana. Ulitaja kwa mdomo wako."

"Muulize dada Marsiana!"

Nikaeleza yote. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wewe ni rafiki yake."

Silvana akauchukua mkono wa mumewe, akauweka tumboni.

"Anacheza. Msikie."

Modesti akauacha mkono pale, akasikia kweli, nilimwona usoni. Kisha akauliza taratibu, "Wa nani?"